Bunduki Iliyomkosa Fisi wa Sapiwi

Kuna asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo kila nikisikia mtu anasema "nimerogwa" inanirudia nzima, pamoja na vumbi lake. Nilikuwa nimelala kifudifudi pembeni mwa shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, katika kijiji kimoja cha Sapiwi, na mbele yangu, juu ya kichuguu, alisimama fisi. Hakuwa mbali. Mchungaji mwenye mkono mzuri angemfikia kwa kombeo. Nikalenga bunduki, nikabana pumzi, nikavuta kifyatulio. Vumbi likaruka kushoto kwake. Nikavuta tena, vumbi likaruka kulia. Nikavuta mara nyingine, na risasi hiyo mpaka leo sijui ilikokwenda. Fisi akanitazama kama mtu anavyomtazama mlevi aliyeanguka njiani, akashuka kichuguu bila haraka, akaingia kwenye mawe yake.

Nyuma yangu walikuwa wamesimama wanaume wa kijiji na pinde zao. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba risasi zinamkwepa. Mwingine akamjibu, "Zinamkwepa kwa sababu ana mwenyewe."

Wewe umekulia mjini Bariadi kwenye taa za umeme, kwa hiyo acha nikueleze neno hilo. Kwetu fisi, mbiti kama tunavyomwita, hakuwa mnyama tu. Wapo walioamini kwamba mchawi humfuga, humtuma kwa jirani, hata humpanda kama wewe unavyopanda pikipiki. Fisi wa porini unampiga anakufa. Fisi mwenye mwenyewe hapigiki. Na likishatamkwa kwamba ana mwenyewe, swali linalofuata ni moja tu: mwenyewe ni nani?

Jibu walikuwa nalo tayari. Karibu na yale mawe aliishi mama mmoja mjane, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula. Watoto wake walikuwa wametawanyika, wengine Mwanza, wengine Geita kwenye machimbo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi na mabua, maana kuni zilikwisha kuwa adimu upande ule na alikuwa amepikia moshi huo maisha yake yote. Macho mekundu, nyumba ya peke yake, fisi jirani. Miaka ile, mwanangu, watu walikufa kwa sababu ndogo kuliko hizo. Na waliokufa walikuwa akina mama.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuja na malori yao na mizani zao, ghala la ushirika likabaki na popo, na serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori wa wilaya, bwana nyama kama wanakijiji walivyotuita, kijana bado, na nilibaki kazini kwa sababu nilikuwa wa mwisho kuajiriwa na mshahara wangu ulikuwa mdogo kuliko wa wote. Fundi wa silaha alikuwa ameondolewa. Chumba chake kilifungwa, vifaa vyake vikaenda nisikokujua. Nilipewa bunduki iliyokuwa imekaa miaka kwenye stoo ya bati, ile tunayoiita SAR. Inajipakia risasi yenyewe kila baada ya mlio, ila kila mlio unakudai uvute kifyatulio upya. Ni bunduki ya mbao na chuma, nzito kiasi, na sifa yake ni uvumilivu. Nilikabidhiwa pamoja na vifurushi vichache vya risasi vilivyofungwa kwa karatasi, nikaambiwa niende nikawasaidie watu wa Sapiwi.

Fisi yule alikuwa amewala ndama, na hilo wangelivumilia. Lakini siku chache kabla sijafika alimng'ata mtoto wa kike aitwaye Sayi, alfajiri, alipokuwa anafungua zizi. Alimshika mkono akamburuta mpaka mbwa wakamzuia. Sayi alikuwa amelazwa hospitali Bariadi, na kila mtu alikuwa anangoja kusikia kama mkono utabaki. Babu yake alikuwa Limbu, mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Limbu hakuwa mtu mbaya, lisikie hilo vizuri. Alikuwa mtu mwenye mjukuu hospitalini.

Ndiye aliyenifuata asubuhi ile nilipokuwa najipangusa vumbi.

"Bwana nyama," akasema, "mimi nilipita mgambo. Bunduki hiyo naijua. Umbali ule haikosi."

"Imekosa, baba Limbu. Itakuwa mbovu."

"Inaweza kuwa mbovu. Inaweza pia kuwa imefungwa." Akatazama upande wa nyumba ya yule mama. "Baada ya mnada wa ng'ombe tutakuwa na dagashida. Wazee watakaa, vijana watakaa, tutaamua. Kama kosa liko kwenye chuma, tuonyeshe kabla ya siku hiyo. Kama halipo kwenye chuma, basi utuachie mambo yetu."

Mtu mmoja pembeni akaongeza, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali, mwanangu, ni kama kisu. Kisu hicho hicho kinamenya kiazi na kinaua mtu. Inategemea kimeshikwa na nani na ameamkaje siku hiyo.

Dagashida ni mkutano wetu mkuu, na uamuzi wake haukatiwi rufaa kwa urahisi. Nilielewa kwamba uhai wa yule mama ulikuwa hatarini. Nikapanda baiskeli, bunduki mgongoni, nikaelekea Sola kwa mzee Ndaki.

Ndaki alikuwa mkubwa wangu kazini kabla hawajampunguza. Jeshini alikuwa mtunza silaha, kisha akawa bwana nyama, na sasa alikuwa mkulima wa pamba na mtama, ila wilaya ilikuwa bado inamwita kufundisha mgambo. Nilimkuta anang'oa mabua ya pamba. Tukasalimiana, nikamsaidia mistari kadhaa maana si adabu kumsimamisha mtu kazi, halafu nikamweleza yote. Nikamalizia kwa kusema ninachotaka: aniandikie neno kwa bwana mkubwa wilayani nibadilishiwe bunduki, kwa sababu hii ni mbovu.

Akasimama, akanikazia macho.

"Mbovu wapi?"

"Mbovu tu, mzee. Haipigi."

"Mbovu si jina la ugonjwa, Masele. Ukienda hospitali ukamwambia daktari naumwa, atakuuliza wapi. Ukisema naumwa tu, atakupa vidonge vya kichwa ufe kwa tumbo. Umeifungua?"

"Nimeisafisha juu juu."

"Umeifungua?"

"Hapana, mzee."

"Basi wewe na hao wanaosema imerogwa ni ndugu. Wao wamesema uchawi, wewe umesema mbovu. Wote mmeweka jina mahali ambapo jicho halijafika." Akaokota bua, akalivunja. "Halafu fikiri. Ukirudi na bunduki nyingine ukamwua fisi, watasema nini? Watasema ile ya kwanza ilifungwa kweli, hii mpya imezindikwa kwa dawa ya Sola. Na yule mama atakuwa amekwisha kuhukumiwa. Ni bunduki hii hii inayotakiwa kumsafisha."

Maneno yale yaliniingia kama maji ya baridi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta njia ya mkato, kumbe njia ya mkato ilikuwa inapita juu ya shingo ya mtu. Nikamwomba aje nami Sapiwi. Akanawa, akavaa shati, tukaondoka.

Jioni ile, kwa ndugu yangu tulikofikia, tuliifungua bunduki yote juu ya mkeka. Ndaki alinifanya nisafishe mtutu kwa kitambaa na mafuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Ulitoka weusi mwingi na kutu kidogo. Tukachungulia ndani ukielekea mwanga: mistari yake, ile inayoizungusha risasi, ilikuwa bado inang'aa, imejikunja vizuri. Tukakagua mdomo wa mtutu, maana risasi huachana na bunduki pale, na ukiwa umelika upande mmoja risasi huondoka imeinama. Ulikuwa mzima. "Hapa hapaumwi," akasema Ndaki, kama mganga anayebonyeza tumbo. Nilitaka aendelee kutafuta, lakini akakataa. "Sasa tukaiulize yenyewe. Bunduki inajua kueleza, ila inaeleza kwa matundu."

Hapo ndipo mimi nikatoa wazo, na mpaka leo najivunia wazo hilo. Nilisema tusiijaribu porini kwa siri. Tukitengeneza kwa siri, watasema tumepata dawa. Tuijaribu mbele ya Limbu na sungusungu wake. Ndaki akatikisa kichwa kukubali, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Asubuhi tulikwenda mtoni. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na ng'ambo kulikuwa na ukingo mrefu wa udongo ambao risasi isingeweza kuupita. Wachungaji waliambiwa wapeleke ng'ombe mbali. Mtendaji wa kijiji alisimama pembeni kama shahidi. Tulichukua ubavu wa boksi la sabuni, tukachora duara kwa mkaa, tukausimika chini ya ukingo. Kwa upande wetu tulijaza mchanga kwenye gunia, nikalaza bunduki juu yake ili mkono usisingiziwe.

Limbu alikuja na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Na kabla sijalala chini, tukamwona mama mmoja anateremka ukingoni kwa fimbo yake, taratibu, kila mtu akimpisha kama anavyopisha moto. Alikuwa Mayu Kabula. Akatafuta jiwe lenye kivuli, akaketi, akatandaza khanga magotini.

"Mwangaluka," akatusalimu.

Wachache tu waliitikia. Ndaki aliitikia kwa sauti kubwa.

"Mayu, rudi nyumbani," akasema Limbu. "Hapa si mahali pako."

"Nikiwa nyumbani mnasema naroga nikiwa mbali. Nimekuja mnione mikono yangu." Akaiweka yote miwili juu ya khanga. "Haya, ng'wanawane," akaniambia mimi, yaani mwanangu, "piga hiyo bunduki ninayoiroga."

Nimeona simba wakifukuzwa kwenye mzoga, nimeona tembo akigeuka. Ushujaa wa mwanamke yule sijauona tena.

Nikapiga. Tukaenda kutazama boksi. Tundu moja juu kulia, moja chini kabisa, na risasi nyingine ilikuwa imepita pembeni. Watu wakaanza kunong'ona, wakimtazama mama. Ndaki akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huenda ni Masele. Vijana wengi hufumba jicho kabla ya mlio." Nikaona aibu mbele za watu, lakini nikanyamaza, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Mtu akitafuta kosa aanze na mkono wake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndaki akalala, akapiga yeye. Matundu yakatawanyika vile vile. Halafu akamwita Limbu. "Ulipita mgambo. Njoo." Limbu akasita, akalala, na kusema kweli alishika bunduki vizuri, akavuta kifyatulio kwa utulivu. Matundu yake nayo yalikwenda kila upande kama kuku waliorushiwa jiwe.

"Watu watatu hatuwezi kuwa na mkono mbaya mmoja," akasema Ndaki. "Mkono tumeutoa. Sasa risasi." Tukachukua risasi za kifurushi kingine, zilizotengenezwa mahali pengine na mwaka mwingine. Yakawa yale yale.

Hapo Limbu akainuka akajipangusa mchanga. Alikuwa amekunja uso. "Mmesafisha, mmebadilisha mpigaji, mmebadilisha risasi. Kimebaki nini?" Akamtazama mama. "Mimi nasema aondoke hapa kwanza, tuone."

Wengi wakaunga mkono. Mama hakusogea. Niliona mambo yanavyoweza kuharibika: aondoke, bunduki ibahatishe kugonga mara moja, na kazi iishe hapo hapo mtoni.

Ndaki akasema, "Hapana. Akae. Na kila tutakachogusa tutakigusa kimoja kimoja. Tukimwondoa yeye na tukaigusa bunduki kwa wakati mmoja, ikipona hutajua nini kimeiponya. Wewe ni mkulima, Limbu. Ukitia samadi na ukabadilisha mbegu msimu mmoja, utajuaje kilichokupa mavuno?"

Limbu akarudi nyuma hatua moja. Ndipo Ndaki akanipa bunduki, akaniambia nihakikishe haina risasi, kisha nishike mbao kwa mkono mmoja na chuma kwa mkono mwingine, nitikise kama ninayejaribu jino la mtoto.

Nikatikisa. Ikalia: *kok*. Kidogo sana. Nikatikisa tena, *kok*. Watu walionizunguka waliisikia.

Mwanangu, bunduki ile chuma chake kinakaa ndani ya mbao kama mguu ndani ya kiatu, na kwa chini kuna kibano kinachokaza vyote viwili. Miaka ndani ya stoo ya bati, kwenye joto lile, mbao ilikuwa imenywea. Kibano kilikuwa kinafunga lakini hakikazi. Kila ukipiga, mtutu unaruka ndani ya mbao na kukaa mahali pengine. Risasi ya kwanza unapiga na bunduki moja, ya pili unapiga na bunduki nyingine.

Nilianza kueleza hivyo, kwa maneno mengi ya kazini, na nikaona macho ya watu yanapotea. Ni Mayu Kabula aliyeniokoa, kutoka pale kwenye jiwe lake.

"Si ni shoka?" akasema.

Tukageuka.

"Shoka likilegea mpini kiangazi, unalenga gogo unakata hewa. Huendi kwa mfumu akupigie ramli. Unatia kabari."

Halafu mzee mmoja akaguna, "Ni kweli." Na mwingine akasema jembe lake lenyewe lilikuwa hivyo wiki ile. Nikamwona Limbu anajitahidi asitabasamu, akashindwa kidogo. Hakukuwa na mtu pale ambaye hajawahi kutia kabari kwenye mpini uliokauka.

Tukakata kipande chembamba cha bati la kopo la maziwa, Ndaki akakikunja mara mbili, akakiweka pale kibano kinapokutana na mbao. Kufunga kukawa kwa nguvu, mpaka nikatumia kiganja. Nikatikisa. Haikulia. Nikampa Limbu aitikise mwenyewe, na vijana wake wakatikisa, kila mmoja akiweka sikio.

Nikalala tena juu ya gunia. Mama yuko pale pale, mikono juu ya khanga. Nikapiga. Tukaenda kwenye boksi.

Duara la mkaa lilikuwa halijaguswa. Mtu mmoja akasema, "Mnaona!" Lakini mimi nilikuwa nimeona kingine, na nikasikia raha ambayo siwezi kukueleza. Pembeni kulia mwa duara matundu yote yalikuwa yamekaa pamoja, yote, ungeweza kuyafunika kwa kiganja.

"Imekosa, Masele," akasema Limbu.

"Imekosa, baba Limbu, lakini imekosa mahali pamoja. Asubuhi ilikuwa inapayuka. Sasa inasema neno moja. Neno hilo si sahihi, lakini ni moja, na mtu anayesema neno moja anaweza kusahihishwa."

Ndaki alinipa nyundo ndogo na kipande cha mti mgumu, akaniachia. Ile nundu ya mbele unayolengea huwa inasogezwa kulia au kushoto, na kanuni yake ni ya ajabu kidogo: unaipeleka upande ule ule wa kosa. Risasi zimeenda kulia, unaisogeza kulia. Ni kama kumfuata ng'ombe aliyepotea, unamfuata alikokwenda ndipo umrudishe. Nikagonga kidogo, nikapiga, zikasogea. Nikagonga kidogo tena, nikapiga, na mkaa wa duara ukaruka.

Sikuipiga tena. Risasi zilikuwa zimebaki kidogo na nilikuwa nazihitaji. Limbu alilichukua lile boksi, akaligeuza geuza, akachomeka kidole kwenye tundu la katikati. Halafu akamtazama Mayu Kabula, naye akamtazama. Mama akainuka, akakung'uta khanga yake, akasema ana mtama wa kuanika, akapanda ukingo kwa fimbo yake kama alivyokuja. Safari hii Limbu alimshika kiwiko pale penye mteremko mkali.

Alfajiri ya kesho yake nililala mahali pale pale, pembeni mwa shamba lile lile, na Limbu akalala ubavuni mwangu. Jua lilikuwa halijatoka vizuri fisi alipopanda kichuguu. Nililenga nyuma kidogo ya bega. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikakikaza kifyatulio polepole kama mtu anayekamua ng'ombe mwenye vidonda. Mlio ulinishtukiza mwenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Fisi akakaa chini, akalala. Sikuhitaji kuvuta tena.

Tulipomkaribia tulimkuta jike, mzee, mbavu zinahesabika. Kwenye mguu wa mbele alikuwa na waya wa mtego wa wawindaji haramu, umezama mpaka mfupani, nyama imeota juu yake. Limbu akachuchumaa, akaugusa ule waya kwa ncha ya mshale.

"Asingeweza kukimbiza swala," akasema.

"Asingeweza."

"Kwa hiyo akaja kwa ndama."

"Na kwa watoto."

Limbu akautoa ule waya mguuni. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Kiumbe mgonjwa na mbao iliyokauka. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua vijana." Hakusema vijana wa nini. Sikumwuliza, nawe usiulize.

Dagashida ilikaa baada ya mnada kama ilivyopangwa. Sikuruhusiwa kuingia, lakini niliambiwa kwamba Limbu alisimama akiwa na ule waya mkononi, akasema fisi hakuwa na mwenyewe, na kwamba atakayetamka jina la mama yule tena atajibu kwake yeye. Wapo wachache walioendelea kusema kuwa kile kipande cha kopo kilikuwa dawa. Maneno ya watu hayaishi. Ukitaka kungoja mpaka kila mtu akubali ndipo utende haki, utangoja mpaka mbuyu uzae maboga. Ilitosha kwamba mwenye nguvu alikubali. Sayi alirudi kutoka hospitali na mkono wake, umepinda kidogo, lakini kwa mkono huo alilima, akalea watoto.

Na Mayu Kabula aliishi. Nilikuwa napita kwake kila kazi ikinipeleka Sapiwi, ananipa viazi vikavu, tunaongea. Alizeeka mpaka akawa mwepesi kama jani. Nilikwenda kumzika. Alikufa kitandani kwake, mwanangu, kwa uzee, wanawe wamemzunguka. Upande ule, miaka ile, mwanamke mwenye macho mekundu kufa kitandani kwake halikuwa jambo dogo.

Sasa nimekuita kwa sababu juzi, kwenye msiba, nilikusikia. Ulisema biashara yako ya spea imekauka kwa sababu jirani yako, yule mama wa duka la vyombo, "anafanya mambo". Ulisema ukicheka, lakini walioitikia hawakucheka, na mimi nimewahi kuona kicheko kama hicho kinavyoishia.

Sitakugombeza. Nakuuliza tu kama mzee Ndaki: imekauka wapi? Wateja hawaji, au wanakuja hawanunui? Umeifungua hiyo biashara ukaitazama ndani, au umeisafisha juu juu? Jambo likikuendea vibaya, kwanza litazame linavyokosea. Kama linakosea kila upande, kuna kitu kimelegea, kitafute kwa kutikisa. Kama linakosea mahali pamoja kila siku, shukuru, maana hilo linahitaji kugongwa kidogo tu. Anza na mkono wako. Kisha gusa kimoja, ungoje uone, ndipo uguse kingine, hata kama roho inakuwasha. Usifanye sirini, maana sirini ndiko uongo unakotagia. Na ukiona ulimi wako unakimbilia jina la mtu, hasa mtu ambaye hana wa kumtetea, mkalishe mtu huyo kwenye jiwe mbele yako, mikono yake ikionekana, halafu uendelee kutafuta. Asilimia kubwa ya wachawi tuliowatafuta walikuwa mpini uliokauka.

Kesho, kabla hujafungua duka, kamsalimie yule mama. Inama kidogo unapomsalimu. Ni rika la mama yako.

Mungu wa babu zetu, ambaye tunamwomba kanisani na ambaye mababu walimwomba kabla kanisa halijajengwa, akupe mkono usiotetemeka na moyo usio na haraka. Akukinge na fisi, na akukinge na kuwa fisi. Akupe watoto watakaokuuliza "wapi?" kila unapowaambia "mbovu". Ng'ombe wako wazae mapacha, pamba yako ifumbuke pamoja, na siku zako zikiisha, nawe ufe kitandani mwako, umezungukwa na watu ambao hukuwahi kuwasingizia neno. Haya, nenda kwa amani, ng'wanawane.